Kutoka Utume hadi Tume: Eliud Wabukala na Mipaka ya Kiti cha Kupambana na Ufisadi

Utangulizi

Mnamo Januari 2017, Kenya ilimkabidhi kiti cha mwenyekiti wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake EACC, mtu ambaye hakuwa wakili, hakimu wala afisa wa polisi. Askofu Mkuu mstaafu Eliud Wabukala alikuwa amepitia ualimu, akawa kasisi, akawa Askofu wa Bungoma, na hatimaye akaliongoza Kanisa la Kianglikana la Kenya. Alikikalia kiti hicho cha dola hadi Januari 2023. Uteuzi wake unazua maswali mawili yanayostahili kujibiwa. Kwanza, kwa nini taifa lilimwendea askofu ili alisaidie kuwanasa wezi wa mali ya umma? Pili, je, kiti chenyewe kilikuwa na uwezo ambao wananchi walidhani kinao?

Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo kwa kufuata safari ya Wabukala kutoka madhabahuni hadi ofisini. Hoja kuu ni kwamba lawama nyingi na sifa nyingi zinazomiminiwa wenyeviti wa EACC hutokana na kuchanganya aina mbili za mamlaka: mamlaka ya neno na mamlaka ya ushahidi. Kwa bahati njema, lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ya mzizi mmoja yanayosaidia kuzitenganisha aina hizo. Maneno hayo ni utume na tume.

Mzizi -tum- na Watoto Wake

Kitenzi tuma kimezaa ukoo mkubwa wa nomino: mtume, utume, tume, mtumishi, utumishi, mtumwa. Nomino hizi zina sifa moja inayoziunganisha. Nyuma ya kila anayetajwa yupo aliyemtuma. Mtume, kwa Waislamu na kwa Wakristo, hasemi lake. Husema alilopewa na Mwenyezi Mungu. Mtumishi wa umma hutumwa na umma. Tume nayo ni kundi la watu waliotumwa na sheria kulifanya jambo maalumu.

Hata hivyo, mtume na tume hutofautiana katika upana wa ujumbe wao. Mtume hutumwa kwa watu wote na kwa makosa yote. Anaweza kumkemea mfalme na mchuuzi kwa pumzi moja. Tume hutumwa kwa jambo lililoandikwa, na haiwezi kupiga hatua hata moja kupita maandishi hayo. Yule akemeaye huhitaji ujasiri. Yule achunguzaye huhitaji ujasiri na, zaidi ya hapo, idhini, hati, mashahidi na saini. Maisha ya Wabukala yalivuka kutoka upande mmoja wa tofauti hii hadi upande wa pili.

Mwalimu, Kasisi, Askofu

Wabukala alizaliwa mwaka 1951 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma. Alianza kazi kama mwalimu kabla ya kuitikia wito wa ukasisi. Alipata elimu ya theolojia katika Chuo cha St Paul's, Limuru, akaendelea na masomo katika Chuo cha Wycliffe, Toronto, nchini Kanada, kisha akarejea Limuru kufundisha. Mwaka 1996 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Bungoma. Mwaka 2009 alimrithi Benjamin Nzimbi kama Askofu Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushikilia hadi 2016 alipompisha Jackson Ole Sapit.

Eneo alilolitumikia kama askofu lilikuwa na historia yake ya makasisi wasionyamaza. Kitale, mji jirani wa wakulima wa mahindi, ulikuwa chini ya Dayosisi ya Eldoret kabla ya kupata dayosisi yake katika miaka ya 1990. Askofu wa Eldoret, Alexander Muge, alijulikana nchini kote kwa kukemea unyakuzi wa ardhi na udhalimu wa watawala. Alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage huko. Kwa waumini wa Bungoma na Trans Nzoia, basi, sauti ya askofu ilikuwa imekwisha kuzoeleka kama mahali pa kukimbilia pale sheria inapofumba macho.

Aidha, miaka ya Wabukala kama Askofu wa Bungoma ilishuhudia jinsi ugawaji mbaya wa rasilimali unavyoweza kuzaa maafa. Mgogoro wa ardhi katika makazi ya Chepyuk, Mlima Elgon, ambao ulichochewa kwa sehemu kubwa na malalamiko kuhusu jinsi viwanja vilivyogawanywa, ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF kuanzia mwaka 2006. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba kundi hilo liliwaua watu zaidi ya 600. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha madai mazito ya mateso na ya watu kutoweka. Mfano huu ni muhimu kwa mjadala wa ufisadi, kwani unaonyesha kwamba orodha ya wagawiwa ardhi ikichafuliwa ofisini, damu huweza kumwagika mlimani.

Kabla ya kujiunga na EACC, Wabukala alikuwa pia ameongoza Kamati ya Kitaifa ya Kampeni Dhidi ya Ufisadi, chombo ambacho kazi yake ni kuelimisha umma. Kazi hiyo bado ilikuwa ndani ya mipaka ya utume: kuonya, kufundisha, kushawishi. Kiti kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine.

Kiti Kilichowashinda Wengi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika historia ya Kenya, wajumbe waliotumwa kupambana na ufisadi hawakuuawa, lakini vyeo vyao viliuawa mara kwa mara. Sheria ya kwanza ya kuzuia ufisadi ilitungwa mwaka 1956, enzi za ukoloni. Baada ya uhuru iliendelea kutumika kwa miongo kadhaa bila chombo maalumu cha kuitekeleza, hadi kikosi cha polisi kilipoundwa katika miaka ya 1990.

Mwaka 1997 iliundwa Mamlaka ya Kupambana na Ufisadi, KACA. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Harun Mwau, hakudumu hata mwaka mmoja. Alifuatwa na Jaji Aaron Ringera mwaka 1999. Desemba 2000, Mahakama Kuu iliamua kwamba chombo hicho kilikiuka Katiba kwa kujitwalia uwezo wa kushtaki, nacho kikavunjika. Sheria ya mwaka 2003 ikaunda chombo kipya, KACC, na Ringera akarudi kukiongoza kuanzia 2004. Alijiuzulu mwaka 2009 baada ya Bunge kupinga jinsi alivyoongezewa muhula. Patrick Lumumba aliyemfuata mwaka 2010 aliondoka mwaka 2011 pale KACC ilipovunjwa ili kuipisha EACC.

EACC yenyewe ilitokana na Kifungu cha 79 cha Katiba ya mwaka 2010 na sheria iliyopitishwa mwaka 2011. Mwenyekiti wake wa kwanza, Mumo Matemu, alijiuzulu mwaka 2015 katikati ya mizozo ya ndani ya Tume. Wa pili, Philip Kinisu, alijiuzulu Agosti 2016 kufuatia maswali kuhusu biashara iliyofanywa kati ya kampuni ya familia yake na Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa. Hapo ndipo Wabukala alipoitwa.

Ukiitazama orodha hii, jibu la swali la kwanza linaanza kujitokeza. Taifa lilikuwa limejaribu mwanasiasa tajiri, jaji, msomi wa sheria, wakili na mhasibu. Lililobaki ni kutafuta mtu ambaye jina lake halingetiliwa shaka. Kwa maneno mengine, Wabukala aliteuliwa zaidi kwa sababu ya utume wake kuliko ujuzi wowote wa upelelezi. Kwamba hii haikuwa bahati nasibu inathibitishwa na mrithi wake. Mei 2023 kiti hicho kilikabidhiwa David Oginde, naye pia askofu, aliyewahi kuliongoza kanisa la CITAM. Taifa lilikwenda kanisani mara mbili mfululizo.

Tume Imetumwa Kufanya Nini?

Swali la pili linahitaji msomaji aifungue sheria yenyewe. EACC ina maafisa wa upelelezi wenye mamlaka yanayokaribiana na ya polisi: wanaweza kupekua kwa idhini ya mahakama, kukamata na kuhoji. Inaweza pia kufungua kesi za madai ili kurejesha ardhi na fedha za umma. Lakini haiwezi kumshtaki mtu kwa jinai. Upelelezi ukikamilika, faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye kwa mujibu wa Kifungu cha 157 cha Katiba ndiye huamua kama mashtaka yatafunguliwa. Baada ya hapo mahakama huamua kwa kasi yake yenyewe. Funzo la mwaka 2000 liliandikwa katika muundo huu: aliyetumwa kuchunguza hakutumwa kushtaki, na aliyetumwa kushtaki hakutumwa kuhukumu.

Mipaka haiishii hapo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yaliongeza idadi ya makamishna kutoka 3 hadi 5, akiwemo mwenyekiti, na kuwafanya wahudumu kwa muda usio kamili. Kazi za kila siku, ikiwemo kuwaongoza wapelelezi, ziko mikononi mwa Afisa Mkuu Mtendaji. Katika muhula wa Wabukala cheo hicho kilishikiliwa na Halakhe Waqo hadi Januari 2019, kisha Twalib Mbarak, afisa mstaafu wa jeshi. Kwa hivyo mwenyekiti, ambaye uso wake ndio huonekana katika runinga na jina lake ndilo hutajwa katika mikutano ya hadhara, ni msimamizi wa sera. Pingu haziko mfukoni mwake.

Wilbaro za Bungoma na Mahindi ya Kitale

Ili mipaka hii ieleweke, ni vyema kutazama mifano miwili kutoka eneo lile lile alikotoka Wabukala.

Mwaka 2015 ilibainika kwamba serikali ya Kaunti ya Bungoma ilinunua toroli 10, ambazo Wakenya wengi huziita wilbaro, kwa bei ya takriban shilingi 109,000 kila moja. Madukani, chombo hicho kiliuzwa kwa shilingi elfu chache. Utetezi uliotolewa hadharani ulidai kwamba zilikuwa za aina maalumu kwa ajili ya machinjio. EACC ilichunguza, na maafisa kadhaa wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Kisa hiki kilienea nchini kwa sababu kila Mkenya anajua bei ya wilbaro. Ufisadi wa mabilioni humpita mwananchi kama radi ya mbali. Ufisadi wa wilbaro humgusa kwa sababu anaweza kuupima kwa mkono wake.

Mfano wa pili unatoka Kitale. Mji huu ulikua kwa kilimo tangu reli ilipoufikia mwaka 1926, na hadi leo ni makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Serikali ilipotangaza kununua mahindi ya msimu wa 2017 kwa shilingi 3,200 kwa gunia la kilo 90, wakulima wa Trans Nzoia na kaunti jirani walipeleka mazao yao katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Wengi walikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba baadhi ya wafanyabiashara, wasio wakulima, walikuwa wamelipwa mamilioni ya shilingi huku mkulima akiendelea kusubiri. Maafisa walisimamishwa kazi, uchunguzi ukaanzishwa, na baadhi ya watu wakashtakiwa.

Katika visa vyote viwili, hasara ilikuwa wazi kwa macho ya mwananchi kabla mpelelezi hajafungua faili. Mkulima aliyekosa karo ya mtoto wake hakuhitaji jaji kumweleza kwamba ameibiwa. Lakini kutoka kujua hadi kuthibitisha ni safari ndefu: ni nani alitia saini, ni nani aliidhinisha, ni akaunti ipi ilipokea, na je, nia ilikuwa ovu au ulikuwa uzembe tu? Mtume angeweza kusimama katika uwanja wa Kitale siku iyo hiyo na kusema kwamba mnyonge amedhulumiwa, naye angekuwa amesema kweli. Tume haikuweza kusema hivyo mpaka karatasi ziseme.

Dhambi, Jinai na Neno Ufisadi

Mkanganyiko kati ya mamlaka hizi mbili umejificha hata ndani ya msamiati. Nchini Tanzania, taasisi inayolingana na EACC ni TAKUKURU, ambayo jina lake linataja rushwa. Rushwa ni tendo: kuna anayetoa, kuna anayepokea, na kuna kinachopita baina yao. Kenya ilichagua neno ufisadi. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lilibeba kwa muda mrefu maana ya uharibifu na upotovu wa tabia. Fisadi wa zamani alikuwa hasa mtu mwasherati. Maana ya wizi wa mali ya umma ilikuja kukolea baadaye. Hivyo, rushwa hutaja kosa, ilhali ufisadi hutaja hali ya nafsi iliyooza. Kaulimbiu ya EACC, inayohimiza kuangamiza ufisadi na kuijenga Kenya, inatumia kitenzi cha vita na gharika. Ni lugha ya mhubiri zaidi kuliko ya karani wa mahakama.

Kwa upande mwingine, lugha ya mitaani hulipunguza kosa hilo hilo hadi lisionekane: chai, kitu kidogo, mlungula. Hata hazina ya methali haikosi ushauri wa hatari, kwani penye udhia, husemwa, penyeza rupia. Kwa hivyo Mkenya yule yule huishi na misamiati miwili. Katika ule wa juu, ufisadi ni jinamizi linalostahili kuangamizwa. Katika ule wa chini, ni kikombe cha chai. Sheria inajaribu kusimama katikati ya misamiati hii, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Dhambi huondolewa kwa toba, na toba huanza kwa mkosaji kuungama. Jinai huthibitishwa kwa ushahidi, na mshtakiwa ana haki ya kunyamaza.

Kanisa lenyewe halikuepuka utata huo. Wanasiasa walikuwa wamezoea kupeleka fedha za harambee makanisani bila kuulizwa walikozipata. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka mimbari za Kianglikana. Hatua hiyo ilikuwa ukiri kwamba palipotarajiwa kutoka kemeo palikuwa pia pameanza kupokea bahasha.

Muhula Uliokamilika

Wabukala alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa EACC kukamilisha muhula wa miaka 6. Kwa kiti kilichokuwa kimewatoa wawili waliomtangulia kabla ya wakati, hilo si jambo dogo. Uthabiti wa ofisi ni sharti la upelelezi mrefu, kwani faili huhitaji ofisi isiyobadilisha mwelekeo kila mwaka.

Mfano mmoja unatosha. Ferdinand Waititu, aliyekuwa Gavana wa Kiambu, alifikishwa mahakamani Julai 2019 kutokana na uchunguzi wa EACC kuhusu zabuni ya barabara. Mahakama ilimzuia kuingia ofisini, na Januari 2020 akaondolewa mamlakani. Hukumu ya kesi yenyewe ilitolewa Februari 2025: kifungo cha miaka 12 au faini, naye akakata rufaa. Hukumu hiyo ilikuja miaka miwili baada ya Wabukala kuondoka. Kesi moja ilikaribia kulingana na muhula mzima wa mwenyekiti. Anayeuliza mwishoni mwa muhula ni wangapi waliofungwa anampima mkulima kwa mavuno ya msimu ambao bado haujafika.

Pamoja na hayo, haifai hoja hii igeuzwe kuwa kisingizio. Mipaka ya sheria huwatetea wenyeviti dhidi ya lawama zisizo za haki, lakini haimfidii mkulima wa Kitale wala mlipa kodi wa Bungoma. Ikiwa uchunguzi, mashtaka na hukumu viko mikononi mwa vyombo vitatu, basi uwajibikaji unapaswa kudaiwa kutoka kwa vyote vitatu. Kumchagua mtu mwenye jina safi kuwa mwenyekiti, kisha kuacha faili zilale katika hatua zinazofuata, ni sawa na kumtuma mjumbe na kufunga mlango anaopaswa kuupitia.

Hitimisho

Safari ya Eliud Wabukala inaeleza jambo pana kuliko maisha ya mtu mmoja. Taifa lililochoshwa na kashfa lilitafuta utume na kuuweka ndani ya tume, likitumaini kwamba usafi wa mtu ungekuwa nguvu ya ofisi. Usafi huo ulikipa kiti utulivu ambacho hakikuwa nacho awali. Haukuweza, na kwa mujibu wa sheria haukupaswa, kukipa uwezo wa kushtaki wala wa kuhukumu.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, lipo jukumu linalotokana na maelezo haya. Wananchi wengi hukutana na sheria za nchi kupitia lugha ya Kiswahili katika redio, magazeti na mikutano ya chifu. Iwapo maneno chunguza, shtaki na hukumu yataendelea kutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, mwananchi hataweza kujua alipie lawama mlango upi. Atakayemweleza mkulima wa Kitale kwamba faili yake imekwama kwa mwendesha mashtaka, wala si kwa mpelelezi, atakuwa amempa anwani ya kupeleka malalamiko yake.